Kibuyu cha Bwana Laban

Kambi hakumpiga mkewe Kache wala hakumtukana. Alimleta kwa mamake, kijijini Marafa, mchana kweupe, juu ya trekta ya mashamba ya chumvi alikokuwa akifanya kazi, akamshusha na godoro lake, sufuria zake na cherehani yake. Akasema kwa adabu, macho chini, kama ipasavyo mtu mbele ya mkwewe: "Mama, mwanao huyu. Mimi siwezi kuishi na neno ambalo kila mtu alilijua, nikawa mimi wa mwisho kulisikia." Kisha akapanda trekta akaenda zake. Hata maji hakunywa.

Kahonzi, mamake Kache, alisimama mlangoni mpaka mlio wa trekta ukapotea. Hakulia. Tangu usichana wake alikuwa hivyo: wenzake wakilia yeye hutazama, na akitazama sana, ujue kuna mtu ataumia. Ila haraka hana. Makumbi ya nazi hufukiwa topeni miezi na miezi mpaka yalainike, ndipo yasokotwe kamba, na hiyo ndiyo kazi aliyolelewa nayo kwa shangazi yake kule ufukoni. Alijua kungoja kitu kioze.

Neno lenyewe Kache alikuwa amelisema kwa mtu mmoja tu duniani. Halitaandikwa hapa, maana limekwisha kutembezwa kupita kiasi. Inatosha kujua kwamba lilikuwa neno la msiba, la zamani, kabla hajaolewa, na ndani yake hamkuwa na kosa la mtu ila ujana. Lilimkaa kifuani miaka. Likaja likamnyima usingizi, akawa chakula hakipandi na nguo za watu hazishoneki, ndipo mwenzake wa kanisani akamwambia kwamba mjini Malindi kuna daktari wa mawazo.

Daktari huyo ni Bwana Laban. Alifika Malindi kitambo kidogo kabla ya ule uchaguzi wa watu kupanga mlolongo badala ya kura za siri, akakodi chumba cha juu nyuma ya soko, juu ya duka la viungo, hata wagonjwa wake walipanda ngazi wakipiga chafya za bizari. Aliweka kochi, feni na kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: LABAN, MTAALAMU WA SAIKOLOJIA, MAGONJWA YA MAWAZO NA NYUMBA. Alisema amesoma ng'ambo. Wengine walisema alikuwa karani tu katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko bara, akasikiliza milangoni. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kujua. Lakini haki yake apewe: wako aliowafaa. Karani mmoja aliyekuwa akitetemeka mikono mpaka hawezi kutia saini alikwenda kwa Laban mara kadhaa, mikono ikatulia. Alikuwa na sikio zuri, huyo bwana. Ubaya wake ulikuwa mdomo.

Jumamosi alikuwa akialikwa ukumbini kuwahutubia kina mama wa vyama na vijana wa makanisa. Alipenda sana kuhutubia, na alipenda mifano. "Nina mgonjwa wangu mmoja," akasema Jumamosi moja, kipaza sauti mkononi, "mama wa Marafa, fundi wa nguo, mumewe yuko kwenye chumvi." Akalitoa neno lote, mwanzo hadi mwisho, na jina hakulitaja. Sasa Marafa kumetoka mafundi wa nguo wangapi wa kike wenye waume kwenye chumvi? Jumapili neno lilikuwa limekwisha kufika Gongoni, Jumatatu likamkuta Kambi kazini, kwenye midomo ya wenzake wanaocheka.

Tangu aletwe, Kache akawa mtu wa kukaa. Cherehani aliifunika kanga, nayo ikabaki imefunikwa. Mamake alijaribu kumwuliza hili na lile, amtoe japo sauti. Siku moja akajibu: "Maneno yangu, mama, yako sokoni. Nenda ukayanunue."

Kahonzi alikwenda Malindi.

Kwanza alimwendea askari mmoja, akamweleza. Askari akamwuliza ameibiwa nini, naye akajibu, neno. Askari akacheka, akamwonyesha benchi, na juu ya benchi hilo akakaa mpaka akatambua kwamba amewekwa kama mzigo usio na mwenyewe. Akaondoka, akaenda hospitali. Huko alimpata daktari mkuu wa zamu, mtu wa makamo, mpole, ambaye alimsikiliza huku akinawa mikono.

Akamwambia kwamba daktari akikosea ana bodi yake huko Nairobi, nayo yaweza kumnyang'anya ruhusa asimguse mtu tena. Muuguzi naye ana baraza lake. Hata muuza dawa ana pa kushtakiwa. "Lakini huyu wako, mama, hachomi sindano, haandiki dawa. Anazungumza tu. Sheria haijamwona bado."

"Itamwona lini?"

"Wanaandika andika huko. Mimi na wewe tutakuwa tumezeeka."

"Mimi nimeshatangulia," akasema Kahonzi, na yule bwana akacheka kwa huruma, akamsindikiza hadi mlangoni.

Njiani kurudi aliwaza mengi, na mengine si ya kuwaambia watu. Yeye mwenyewe alikuwa mganga, mganga wa watoto, wa degedege na vitovu vilivyokataa kukauka. Aliijua mizizi. Uko mmoja ambao ungemfanya Bwana Laban asithubutu kuvaa suruali nyeupe mwezi mzima. Akaugeuza moyoni, akauweka kando. Tumbo likiuma hupona, na mwenye tumbo husahau. Alitaka kitu kimuume mahali ambapo mkono wake mwenyewe hautafika kupapaka mafuta.

Ndipo lile jambo likamjia. Yule wa hospitali alisema daktari hunyang'anywa. Hunyang'anywa kwa kuwa alipewa. Laban hakupewa na mtu, alijivika mwenyewe, basi nani atamvua? Lazima kwanza avikwe.

Waganga wa Marafa na Magarini walikuwa na chama chao, kina cheti kutoka ofisi ya utamaduni, kimetiwa kwenye fremu. Lakini kabla ya cheti kulikuwa na kibuyu. Mtu hawi mganga huku kwa kujua dawa peke yake. Sharti apate mlezi, mganga mkongwe amsimamie mbele ya wenzake na kumvika kibuyu kidogo chenye kamba, na chini ya kibuyu hicho ale kiapo cha kutunza siri za wagonjwa: la kibandani hufia kibandani. Akivunja, huitwa na kuhukumiwa, na kamba hukatwa na yule yule aliyeumizwa. Na mlezi wake naye huvuliwa, maana ndiye aliyemleta. Mlezi na mlelewa kamba yao ni moja. Kwa sababu hiyo watu walikuwa wazito sana kumsimamia mtu, na kwa sababu hiyo hiyo wagonjwa waliwaamini.

Kahonzi alivaa leso yake nzuri, akapanda ngazi za bizari.

Laban hakumjua. Alimwamkia shikamoo vizuri kabisa, akamkalisha kwenye kochi, akamwashia feni. Kahonzi akamwambia hapati usingizi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alipoulizwa sababu, akasema ni wajukuu, jambo ambalo lilikuwa uongo. Akawa anakwenda mara kwa mara. Alizungumza kidogo na kumtazama sana, akaona kile alichokuja kukitafuta: ukuta ule ulikuwa mtupu. Kila ofisi ya mjini, hata ya mpima mashamba, ina cheti ukutani. Kwa Laban palikuwa na kalenda ya duka la simiti. Na kila mgonjwa mpya alipoingia, macho yake yeye Laban yalikuwa yakiruka kwenda kwenye ukuta ule kabla ya macho ya mgonjwa hayajafika.

"Daktari," akamwambia siku moja, "kule kwetu watu wanakusifu. Lakini wanauliza, huyu amepewa na nani? Sisi watu wa nyika ndivyo tulivyo. Asiyepewa hatumpandii ngazi."

Laban akacheka, akasema elimu haivikwi, hukaa kichwani.

"Kweli, mwanangu. Ila kichwa hakionekani ukutani."

Laban akautazama ukuta wake. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka, kwani hao wanaotoa ni kina nani.

Kazi ya pili ilikuwa Gona. Gona ni mtoto wa mjomba wake Kahonzi, mganga wa mifupa, na ndiye mwenyekiti wa chama. Mikono yake yaweza kurudisha bega mahali pake wewe ukiwa katikati ya maneno, lakini alikuwa mgonjwa wa makuu. Alilipinga jambo hilo mara aliposikia. Tumvike kibuyu mtu asiyejua mzizi hata mmoja? Kahonzi akamwambia mzizi wa huyu ni maneno, na maneno hata wao hutumia. Nani amewahi kuponywa na mganga aliyenyamaza? Kisha akatia chumvi: tukienda ofisi ya utamaduni tutakuwa na mtu wa kusema Kiingereza, badala ya wewe Gona kusimama pale ukisema yes hata ukiulizwa jina.

Gona akajikuna shingo. "Na nani atamsimamia? Mimi shingo yangu naipenda."

"Mimi."

"Wewe dada? Mtu wa bara humjui kwao, humjui mamake?"

"Nimemjua vya kutosha," akasema Kahonzi.

Siku ya kumvika ilifanywa katika darasa la zamani la gumbaru, la kusomeshea watu wazima, pale Marafa. Laban alikuja na suti ya kaki na viatu vilivyopakwa rangi, akapita katikati ya waganga kama bwana harusi. Mtihani wa mwanzo ni wa maji: huyo anayeingia hutiwa maji mdomoni, akazunguka na kusimama mbele ya kila mganga, asimeze wala asiteme, na wao wana ruhusa ya kumwambia lolote. Wakamwandama. Mmoja akamwuliza kama viatu hivyo amevaa au vimemvaa. Kasiva, mama mmoja wa Kikamba aliyeolewa huku zamani, mtaalamu wa kina mama wasioshika mimba, mwenye ulimi kama wembe wa kinyozi, akamzunguka, akampima kwa macho, akawaambia wenzake: "Jamani mpeni kibuyu upesi, huyu tumbo limekwisha kuwa la miezi saba." Darasa zima likaanguka. Laban akafura mashavu, macho yakamtoka machozi, lakini maji hakuyaachia. Akapigiwa vigelegele.

Akaapa. Kahonzi akamvika kwa mikono yake mwenyewe. Fundo alilifunga nyuma ya shingo ile aliyoichukia. Alifunga vizuri, kama anavyofunga mtu anayejua kwamba fundo hilo litatazamwa.

Basi Bwana Laban akatundika kibuyu ukutani, chini yake akabandika nakala ya cheti cha chama, na kibao chake cha nje akakiongezea mstari: MWANACHAMA WA WAGANGA. Watu wa nyika wakaanza kupanda ngazi. Chumba kikajaa, wengine wakangojea dukani kati ya magunia ya pilipili. Kahonzi akamwacha anenepe. Waliomwuliza, aliwaambia ni mwanawe wa kibuyu. Kila aliposema hivyo, nyumbani Kache alikuwa akigeuza uso ukutani, kwa sababu hakuwa ameambiwa kitu, na aliona mamake amekula na adui.

Ilipofika wakati, Kahonzi akaketi karibu yake, akamwambia yote. Alimweleza kwamba mashtaka hayawezi kusimama bila yeye kusimama, na kwamba hatatakiwa kutamka hata nusu ya neno. Kache akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ukumbini alilisema kabla hajavikwa. Atajitetea kwa hilo."

"Ndiyo. Na mimi nitamkubalia."

Kache akamtazama mamake, naye akawa kama anamwona kwa mara ya kwanza tangu aletwe na trekta.

"Halafu atataka kueleza," akasema polepole.

"Hajawahi kuacha kueleza."

"Na akilisema lote tena? Mbele ya watu?"

"Gona atamkatiza."

"Gona asipomkatiza?"

"Nitamkatiza mimi. Sijui kwa kitu gani, lakini si kwa maneno."

Kache hakulala vizuri, wala mamake. Maana hapo ndipo palipokuwa pabaya: ili kumnasa mtu huyo ilibidi wampe tena lile lile alilowaibia, walitie mkononi mwake, waombe Mungu asiwahi kulirusha. Kesho yake asubuhi Kache akaoga, akasuka nywele, akasema twende.

Gona aliita mkutano. Waganga walijaa darasani, na madirishani watu wa Marafa wakabanana, kwa kuwa hukumu ya kibuyu ni ya wazi. Laban alikuja akidhani ni mkutano wa kawaida. Kibuyu kilikuwa kifuani, juu ya tai. Alipoambiwa kwamba mlezi wake mwenyewe anamshtaki, alitabasamu kama mtu aliyeambiwa mzaha kwa lugha ngeni.

Gona akauliza shtaka. Kahonzi akasimama, akasema mlelewa wake ametoa la kibandani nje. Akaulizwa ni la nani. Akasema, la huyu. Kache akainuka nyuma, akapita katikati ya viti mpaka mbele, akasimama. Hakuinamisha uso.

Laban alimtambua, na kwa dakika ile akaelewa pia yule bibi wa kochi ni nani. Rangi ikamtoka. Lakini hakuwa mjinga. Akavuta pumzi, akakohoa, akaitoa ile sauti yake ya ukumbini.

"Mwenyekiti, nawaheshimu wazee. Hotuba inayosemwa hapa niliitoa kabla sijaapa. Mtu hawezi kuvunja kiapo ambacho hajala. Huo ni msingi wa sheria popote."

Minong'ono ikapita darasani. Gona alimtazama Kasiva, Kasiva akabetua midomo: kweli anasema. Kahonzi aliwaona wakilegea. Walikuwa tayari kumalizia hapo, waende wakale.

"Ni kweli," akasema Kahonzi. "Nakubali. La ukumbini halimo. Silishtaki."

Gona akashangaa. "Sasa, dada, unashtaki nini?"

"Nimesema nimekubali. Ila watu hawa madirishani wamekuja, na binti yangu huyu hapa amesimama. Mwanangu, usiondoke na doa. Waeleze, waone huna ubaya. Kulikuwa na nini?"

Alimwita mwanangu kwa upole uliowafanya wengine watazame chini. Laban akaupokea ule upole kama mtu anayetupiwa kamba majini. Akarekebisha tai. Akageukia madirishani, ambako watu walikuwa wengi zaidi.

"Asante, mama. Ndugu zangu, saikolojia ni elimu, na elimu hufundishwa kwa mifano. Mimi jina sikutaja. Nilisema tu mama mmoja, naye ndiye huyu, alinijia akiwa hana usingizi. Nikamchunguza. Akanifungulia kwamba alipokuwa msichana, kabla ya ndoa, ali—"

Gona alikuwa ameinamia kiko chake. Hakuwa amesikia.

Kahonzi akaruka. Mama wa umri ule, miguu ya kuvimba, akaruka juu ya benchi la mbele na kumtia Bwana Laban kofi la mdomo, kiganja wazi, kofi ambalo liliwahi kufika kabla ya silabi. Mpaka leo kuna wazee wa Marafa wanaosema hawajapata kusikia kitu kilicholia vizuri kama kile.

Gona akaamka kwenye kiti. Akamtazama Laban, akakitazama kibuyu kifuani pake, akatazama madirisha yaliyojaa nyuso, na jambo likamfikia polepole.

"Bwana Laban," akasema, "umeapa lini?"

Laban bado alikuwa akipapasa mdomo.

"Na sasa hivi ulikuwa ukisema nini, na mbele ya nani?"

Hapo ndipo alipoelewa. Akashika shavu, akaanza kusema kwa haraka, Kiswahili na Kiingereza vikigongana, kwamba huo ni mtego, kwamba aliulizwa, kwamba hata huko Ulaya maprofesa huandika habari za wagonjwa wao vitabuni.

Kasiva akamwuliza kwa utulivu: "Hao maprofesa wana wakubwa wao?"

"Wana vyama vyao. Vyama vya kisayansi."

"Na mmoja akitoa siri ya mgonjwa mpaka mgonjwa akajulikana?"

Laban akautazama mlango. Kasiva akangoja, mikono kiunoni.

"Humfukuza," akasema Laban hatimaye.

"Basi furahi, baba. Umefika Ulaya."

Hakuna aliyecheka kwa sauti, na hilo lilimuuma zaidi. Gona akatoa kisu. Kwa desturi hukabidhiwa mwenye jeraha, akampa Kache. Kahonzi alikuwa ameota mara nyingi kwamba mkono ule ungekuwa wake. Aliota hata akisikia nyuzi za kamba zikikatika moja moja. Akakaa chini, akajishika magoti, akamwachia mwanawe.

Kache alikwenda nyuma ya Laban, akaliona lile fundo. Hakuwa na pupa. Alikata kama fundi anavyokata uzi mwisho wa pindo, karibu kabisa, ncha ya kisu ikagusa shingo kiasi cha mtu kuhisi baridi yake. Kibuyu kikaanguka. Kache akakikanyaga.

Kisha Gona akatangaza kilichobaki: kuanzia siku hiyo, anayepanda ngazi za Laban asirudi kwa mganga yeyote wa chama, awe na mtoto mgonjwa, awe na mfupa uliovunjika. Madirishani watu wakalichukua neno hilo, wakatawanyika nalo. Wakati huu lilikuwa la haki kutembezwa.

Laban alikwisha kutoka, viatu mkononi kwa ajili ya matope ya uwanjani, Gona aliposema bila kumtazama ndugu yake: "Dada. Unajua."

"Najua."

Akavua kibuyu chake mwenyewe, alichovikwa na shangazi yake, kilichokuwa kimeng'aa kwa jasho lake na machozi ya watoto wa watu. Akakiweka mezani.

"Ulijua tangu siku ulipomleta," Gona akasema. Sauti ilikuwa ya lawama, na ndani yake mlikuwa na woga kidogo.

"Tangu kabla ya siku hiyo."

Chumba cha juu ya duka la viungo kilikuwa kitupu kabla mvua za vuli hazijaisha. Kibao kiling'olewa, au kilianguka. Kina mama wa Magarini waliendelea kumletea Kahonzi watoto wenye homa, wakimbembeleza: nani atajua, hawe, bibi yetu, ni mimi na wewe tu na huyu mtoto. Alikataa. Aliwaelekeza kwa Kasiva, akawafunga watoto migongoni mwa mama zao, akawatazama wakienda. Kuna siku mtoto mmoja alipiga kelele za degedege pale pale uani, Kahonzi akaingia ndani akajifungia mlango, akauma leso mpaka alipomsikia Kasiva amefika. Alikuwa amevuliwa, na aliyevuliwa hagusi. Hakuna aliyemlinda asivunje ila yeye mwenyewe.

Kache akaanza kushona tena. Kambi alituma watu kuomba arudishiwe mkewe. Kache akawaambia wampelekee salamu, na wakimaliza wale ugali, wasikae na njaa kwa ajili ya mwanaume.

Halafu ikaja habari. Dereva wa lori aliyeleta simiti aliketi uani akinywa maji, akazungumza ya barabarani, na katika maneno yake akasema kwamba pale Mariakani, mahali malori yanapolala, kuna daktari mpya wa mawazo. Anawatibu madereva wasiopata usingizi. Ana kibao cha rangi nyekundu na kipaza sauti chake mwenyewe. Jina? Laban, nadhani. Mzungumzaji mzuri sana, kila Jumamosi anatoa mifano.

Dereva alipoondoka Kahonzi alibaki amesimama katikati ya ua. Yeye kanyang'anywa akatii. Yule kanyang'anywa akahama. Kiapo cha Marafa hakifiki Mariakani, na sheria ya Nairobi bado ilikuwa haijamwona. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeanza kufukia makumbi mapya, kama kuna anayejua mkubwa wa waganga wa Mariakani ni nani.

"Mama," akasema Kache, "wewe huna kibuyu tena. Safari hii nakwenda mimi."

"Kufanya nini?"

"Nitakaa chini, mlangoni pake. Kila atakayetaka kuingia nitamwambia mimi ndiye yule mama wa Marafa."

"Watakuuliza mama wa Marafa alifanya nini."

"Nitawaambia. Lote. Likitoka kwangu ni langu."

Kahonzi alimtazama mwanawe sana, kwa macho yale yale. Kisha akaenda jikoni, akawasha moto, akaanza kumpikia chakula cha njiani, kingi, kwa kuwa hakujua angekaa huko muda gani, na kwa mara ya kwanza tangu trekta ile ije alijisikia ana njaa.